Mtoto Huona Anachosimuliwa: Matembezi ya Familia Meru na Embu

Wahenga walinena: tembea ujionee. Kauli hii hutajwa sana katika nyua za shule wakati wa ziara, watoto wanapopangwa mstari kabla ya jua kuchomoza, kila mmoja katika sare yake na mfuko wa chakula mkononi, wakisubiri basi la kuelekea Nairobi. Hata hivyo, wahenga hawakufafanua mtu atembee na nani, wala hawakuahidi kwamba mtoto mmoja kati ya mia moja wanaosukumana atajionea chochote. Jicho la mtu mzima huongozwa na kumbukumbu zake. Jicho la mtoto wa miaka minne au mitano huongozwa na ulimi wa mtu aliyemshika mkono. Asichosimuliwa, mtoto huyo hukipita kama anavyoupita ukuta.

Makala haya yanajadili matembezi ya familia zenye watoto wadogo katika sehemu za Meru na Embu, hususan matembezi ya kwenda kuona wanyama na kuona vitu vya kale. Hoja inayotetewa ni kwamba wazazi wa sehemu hizi wameiachia shule na basi lake kazi ambayo kwa asili ni ya jamaa. Kwamba mahali pa kuifanyia kazi hiyo pako karibu na nyumbani kuliko inavyodhaniwa. Na kwamba muda wa kuifanya unazidi kuyoyoma, kwa sababu wanaoweza kusimulia wanazeeka na kuondoka.

Ziara ya basi

Ziara ya shule ina faida zake na si busara kuibeza. Kuna watoto wengi ambao bila shule wasingevuka kamwe mto Tana. Lakini inafaa kuitazama ziara hiyo jinsi ilivyo. Mzazi wa Embu hulipia safari ya kilomita zipatazo 130 hadi Nairobi. Mzazi wa mji wa Meru hulipia safari ya zaidi ya kilomita 200. Mtoto huamshwa usiku wa manane. Hufikishwa katika Makumbusho ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1930 kwa jina la Coryndon na kufunguliwa upya mwaka wa 2008 baada ya ukarabati mkubwa. Hupitishwa mbio katika bustani ya nyoka iliyo papo hapo, kisha hupelekwa katika kituo cha wanyama yatima kilichofunguliwa mwaka wa 1964 kwenye lango la Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Jioni basi hugeuza. Watoto hulala vitini, na mwalimu wa zamu huwahesabu tena na tena asije akamwacha mmoja njiani.

Mtoto aliyerudi kutoka safari hiyo akiulizwa alichokiona, aghalabu hutaja soda, vibanzi na mwenzake aliyetapika. Jambo hili halitokani na upumbavu wa mtoto. Mwalimu mmoja mwenye watoto arobaini hana nafasi ya kujibu swali la kila mmoja. Kazi yake siku hiyo ni ulinzi. Mtoto mdogo naye hujifunza kwa kuuliza. Huuliza kwa nini chui amelala, nani alimpiga tembo huyu, bibi huyu mwenye shanga anaitwaje, na baada ya kujibiwa huuliza swali lile lile mara ya pili. Msururu wa ziara hauwezi kumsubiri muulizaji wa namna hiyo.

Kuna kinaya kingine. Miongoni mwa hazina za Makumbusho ya Nairobi imo michoro ya Joy Adamson, aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1940 kuwachora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Ameru na Aembu wamo. Hivyo mtoto wa Runyenjes husafirishwa hadi Nairobi akaone jinsi babu zake walivyovaa, ilhali mama mkongwe ambaye alimwona mamaye mwenyewe akivaa mapambo hayo anaota jua uani kwake, hatua chache kutoka shuleni, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Nyumba ya Kangangi

Katikati ya mji wa Meru kuna jengo la mawe la enzi za ukoloni lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Tangu mwaka wa 1974 jengo hilo ni Makumbusho ya Meru, tawi la Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Ndani yake mna vyombo, silaha na mavazi ya Ameru, pamoja na maelezo kuhusu Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee. Uani kumejengwa boma la jadi, na kuna shamba la mimea ya dawa. Mtu mzima mwenye haraka hulimaliza jengo hilo kwa nusu saa na kuondoka akisema kuwa ni dogo. Kwa mtoto mdogo, udogo huo ni sifa. Jengo linaloweza kuzungukwa bila kuchosha miguu midogo, boma ambalo mtoto anaweza kuinama na kuingia, na mmea anaoweza kuunusa, vina manufaa zaidi kwake kuliko kumbi kumi za mji mkuu.

Lakini ni nani atakayemwambia mtoto kwamba nyumba hiyo yenyewe ni hadithi? Edward Butler Horne, afisa wa Kiingereza aliyeanzisha kituo cha serikali Meru mwaka wa 1908, alipewa na wenyeji jina la Kangangi, yaani kijitu kinachozurura huku na huko. Serikali aliyoiweka ndiyo iliyowaita wazee katika ofisi za wilaya kujibu mashtaka na kuhesabiwa kodi ya nyumba. Leo, katika ofisi ya serikali hiyo, mkuki na kigoda cha mzee vimewekwa mahali pa heshima. Habari hii inamfaa mtoto wa miaka sita ikisemwa kwa maneno mepesi: hapa ndipo babu wa babu yako aliposimama na kofia mkononi, na leo wewe unaingia kama mwenyewe. Mtoto anayeambiwa hivyo haoni tena jengo la mawe. Anaona mahali ambapo jamaa yake alikuwapo kabla yake.

Ziko pia simulizi ambazo chombo kimoja tu kinatosha kuzifungua. Ameru husimulia kwamba asili yao ni Mbwaa, kisiwani, mahali ambapo baadhi ya wanahistoria wanapahusisha na Manda, karibu na Lamu. Huko walitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, wenye nguo nyekundu, ambao waliwapa majaribu yasiyowezekana. Waliagizwa watengeneze kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Waliagizwa walete mbwa mwenye pembe, na mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Kiongozi wao, Koomenjwe, aliyatatua majaribu kwa werevu hadi lile la mkuki lilipomshinda, ndipo akawatoa watu wake usiku na kuwavusha maji. Waliovuka gizani, waliovuka alfajiri na waliovuka mchana wakawa chimbuko la koo nyeusi, nyekundu na nyeupe. Mtoto akionyeshwa kiatu cha ngozi na kuulizwa jinsi ambavyo yeye angekitengeneza kiwe na manyoya nje na ndani, hatataka kuondoka mbele ya kile kiatu. Akiachwa akipite bila neno, atakuwa ameona kipande cha ngozi kikavu.

Simba wa Rotterdam na simba wa Meru

Suala la wanyama lina uzito wake, kwa sababu hapa kuna swali la maadili ambalo wazazi wengi hulikwepa. Je, mtoto hujifunza nini kwa kumtazama mnyama aliyefungiwa? Historia ya Meru yenyewe inalijibu swali hili vizuri kuliko kitabu chochote cha falsafa.

Mnamo Februari 1956, George Adamson, aliyekuwa afisa wa wanyamapori kaskazini mwa Kenya, alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia. Baadaye waligundua kuwa simba huyo alikuwa akilinda watoto watatu. Wawili wakubwa walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo kuliko wote, Elsa, alibaki na George na mkewe, Joy Adamson. Walimlea, kisha wakamfundisha kuwinda na kumrudisha porini katika eneo la Meru. Huko alizaa watoto watatu. Alikufa kwa maradhi mwezi wa Januari 1961, na kaburi lake limo katika Mbuga ya Taifa ya Meru hadi leo. Kitabu cha Joy kuhusu Elsa kilitoka mwaka wa 1960, na filamu ikafuata mwaka wa 1966, mwaka ule ule ambao Meru ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa.

Dunia nzima inamkumbuka Elsa. Ndugu zake wawili wa Rotterdam walipata chakula, daktari na paa la kuwakinga, lakini ni wachache wanaoyajua majina yao. Mzazi anayempeleka mtoto kuona wanyama anaweza kumsimulia habari za ndugu hao watatu na kumuuliza: wewe ungechagua kuwa yupi? Mtoto mmoja atachagua Rotterdam kwa sababu kuna nyama kila siku. Mwingine atachagua Meru. Jibu lolote linafaa, kwa kuwa mtoto amekwisha kujifunza kumfikiria mnyama kama kiumbe mwenye maisha yake.

Haya hayasemwi ili kuvilaani vituo vya wanyama yatima. Mnyama aliyepoteza mama, au aliyejeruhiwa kwa mtego, anahitaji mahali pa kulelewa, na mtoto anahitaji kuambiwa ukweli kwamba mnyama yule yumo kizimbani kwa sababu binadamu alimdhuru. Kosa liko katika kumfanya mtoto aamini kwamba makao ya simba ni kizimba. Mtoto wa Meru akiamini hivyo kosa lake ni kubwa zaidi, kwa maana simba huru wamo katika kaunti yake. Mbuga ya Meru ina eneo la kilomita mraba zipatazo 870. Humo mna ndovu, nyati, swala twiga, tandala mdogo na punda milia wa aina mbili, wa kawaida na yule wa Grevy mwenye milia myembamba. Vifaru, weusi na weupe, wamewekwa katika sehemu maalumu iliyozungushiwa ua. Mtoto atauliza kwa nini kifaru amewekewa ua hali yumo mbugani. Hapo mzazi hana budi kumweleza kwamba mwishoni mwa miaka ya 1980 majangili waliivamia mbuga hiyo, wakawaua ndovu wengi, na mwaka wa 1988 wakawaua vifaru weupe waliokuwa wakilindwa humo. Miaka mingi ilipita kabla ya mbuga kurejeshewa uhai wake. Ua ule ni kovu. Mtoto anaweza kuelewa kovu ni nini, kwani goti lake mwenyewe linalo.

Aidha, si kila mtoto wa sehemu hizi humwona ndovu kama burudani. Kwa jamaa wanaolima kando ya mbuga au ukingoni mwa misitu ya Mlima Kenya, ndovu ni mgeni anayemaliza mahindi ya msimu mzima kwa usiku mmoja. Matembezi yasiyogusia jambo hili hufundisha nusu ya ukweli. Njia moja nzuri ya kufundisha nusu ya pili ni kumpitisha mtoto katika barabara ya Meru kuelekea Nanyuki. Upande wa Timau, kuna njia iliyojengwa chini ya lami ili ndovu waweze kusafiri kati ya msitu wa Mlima Kenya na nyika za Ngare Ndare na Lewa bila kuvuka barabara wala kuvamia mashamba. Tangu mwaka wa 2011 ndovu wanaitumia. Kumwonyesha mtoto kwamba watu walikaa chini, wakafikiri, wakamjengea ndovu mlango wake, ni somo la ujirani mwema.

Embu na hazina isiyo na paa

Embu haina tawi la Makumbusho ya Kitaifa kama lile la Meru. Kwa sababu hiyo wazazi wengi husema kwamba Embu hakuna pa kumpeleka mtoto. Kauli hii inastahili kukanushwa, ingawa inastahili pia kusikilizwa.

Inastahili kukanushwa kwa sababu Embu imejaa mahali pa kusimuliwa. Karibu na Runyenjes kuna Mbui Njeru, ambapo, kwa masimulizi ya Aembu, Mwenendega alimpata mke mrembo penye maporomoko ya maji, na kizazi chao kikawa Aembu. Kilima cha Kirimiri kingali na msitu wake. Katika nchi ya Mbeere mizinga ya nyuki inaning'inia mitini, na mzee anayeijua atamweleza mtoto mengi kuhusu nyuki, moshi na subira. Kisha kuna mto Rupingazi, unaopita kando ya mji wa Embu. Maji yake hatimaye huingia mto Thiba, na Thiba huingia Tana penye Hifadhi ya Taifa ya Mwea, iliyotangazwa mwaka wa 1976. Huko mna viboko na mamba, na karibu yake liko bwawa la Kamburu linalozalisha umeme. Familia inaweza kuanza asubuhi darajani Rupingazi, mtoto akatupa jani majini, na jioni akaonyeshwa viboko katika maji ambayo lile jani lingefikia. Akirudi nyumbani na kuwasha taa, aambiwe kwamba taa hiyo nayo huenda imetoka katika mto ule ule. Hayo ni makumbusho yasiyohitaji jengo.

Inastahili kusikilizwa, hata hivyo, kwa sababu vitu vya kale haviwezi kutunzwa na mito na vilima. Kibuyu hupasuka. Ngoma huliwa na mchwa. Kila mazishi ya mzee huondoka na vyombo ambavyo wajukuu huvitupa kwa kutojua matumizi yake. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka wa 2010 linazitaja waziwazi maktaba, makumbusho na bustani za kaunti miongoni mwa shughuli zilizokabidhiwa serikali za kaunti. Kwa hiyo kaunti ya Embu ina mamlaka ya kuwa na makumbusho yake bila kusubiri Nairobi, na wananchi wana haki ya kuyadai. Hayahitaji kuwa makubwa. Chumba kimoja kilichotunzwa vizuri, ua wenye kivuli, choo safi cha watoto na mzee mmoja wa kusimulia siku za Jumamosi vitatosha kuanzia.

Mapingamizi

Wapo watakaosema kwamba matembezi ni anasa ya matajiri. Pingamizi hili ni la haki. Kiingilio cha mbuga, mafuta ya gari na siku isiyo na kibarua si mambo madogo kwa mchuma chai wa Manyatta au mchuma miraa wa Igembe. Lakini ndiyo sababu hoja ya makala haya inaanza na mahali pa karibu. Makumbusho ya Meru yako mjini, penye matatu zinazotoka kila upande. Daraja la Rupingazi halina kiingilio. Familia inayoweza kwenda sokoni inaweza kupitia mahali hapo ikirudi. Mbuga inaweza kungoja mwaka wa mavuno mema.

Wapo wanaosema kwamba mtoto wa miaka minne atasahau yote. Naam, atasahau mengi. Atasahau pia chakula alichokula mwaka huo, lakini hakuna mzazi anayemnyima chakula kwa sababu hiyo. Kinachobaki ni ile hali ya kuuliza na kujibiwa. Mtoto aliyezoea kujibiwa huendelea kuuliza akiwa darasani, na baadaye akiwa chuoni.

Wapo pia wanaoogopa vitu vya kale kwa sababu za dini. Katika sehemu hizi, ambako makanisa yamekita mizizi kwa zaidi ya karne moja, baadhi ya wazazi huona kuwa kumpeleka mtoto kwenye kichaka kitakatifu au mbele ya vifaa vya mganga ni kumkaribisha shetani. Imani yao iheshimiwe. Lakini kusimulia si kuabudu. Mtoto anayesimuliwa habari za Farao haabudu miungu ya Misri. Mzazi anaweza kusema kwa uwazi: hivi ndivyo wazee wetu walivyomtafuta Mungu, nasi leo tunaomba hivi. Mtoto hatapotea kwa kuelezwa ukweli. Yumkini atapotea akija kuusikia ukubwani kutoka kwa watu wanaowacheka babu zake.

Pingamizi la mwisho ndilo zito zaidi, nalo husemwa kwa sauti ya chini: mzazi mwenyewe hajui. Alisoma shule ya bweni, akaajiriwa mjini, na akisimama mbele ya kigoda cha mzee hana la kusema. Aibu hii ina dawa. Dawa ni kumchukua nyanya au babu katika matembezi, na kumpa kiti cha mbele garini.

Lugha na wakati

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza, na ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoguswa moja kwa moja. Maelezo katika makumbusho mengi ya Kenya yameandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa chekechea hajui kukisoma. Nyanya yake, aliyeitumia nyungu hiyo utotoni, huenda naye asikijue. Mzazi anajua Kiingereza lakini hajui nyungu. Basi watu watatu husimama mbele ya chombo kimoja: aliye na maarifa hawezi kusoma maandishi, anayeweza kusoma maandishi hana maarifa, na mwenye maswali anasubiri. Maelezo mafupi ya Kiswahili, pamoja na jina la kila chombo kwa Kimeru au Kiembu, yangemfungua nyanya mdomo. Kifungu cha saba cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kinaitaka serikali iendeleze lugha za kienyeji. Kibandiko kidogo ukutani ni mahali pazuri pa kuitekeleza sheria hiyo kubwa.

Kazi hii si ya serikali peke yake. Chuo Kikuu cha Meru kiko Nchiru, jirani na makao ya Njuri Ncheke. Chuo Kikuu cha Embu kilipata hati yake mwaka wa 2016. Kuna Chuka kati ya hivyo viwili. Wanafunzi wanaosoma fasihi simulizi hutumwa kila mwaka kukusanya ngano, vitendawili na mighani, na aghalabu kazi zao huishia kabatini baada ya kusahihishwa. Masimulizi hayo yakiandikwa kwa Kiswahili chepesi katika kijitabu chembamba, yangeweza kuwa mikononi mwa mzazi anayeingia makumbusho na mtoto wake. Mwanafunzi anayejitolea asubuhi moja ya Jumamosi kuwasimulia watoto habari za Koomenjwe atakuwa ameifanya fasihi simulizi kuwa simulizi tena.

Haja ya kufanya hivyo sasa inatokana na hesabu rahisi. Mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, familia nyingi za Embu na Meru ziliondolewa katika maboma yao na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Aliyekuwa na miaka kumi wakati huo sasa amepita themanini. Huyo ndiye wa mwisho anayekumbuka kwa macho yake jinsi boma lilivyokaa kabla ya kubomolewa. Mahali mbuzi walipolala, mahali mama alipoficha asali, na mahali watoto walipoketi usiku kutegua vitendawili. Boma lililojengwa uani mwa Makumbusho ya Meru litabaki likisimama na kuezekwa upya kila nyasi zinapooza. Mtu anayeweza kuinama mlangoni pake na kusema, "Hapa ndipo nilipolala," hataezekwa upya.

Hitimisho

Kinachopendekezwa hapa ni chepesi. Familia ichague mahali pamoja tu kwa siku, si matano. Iende asubuhi mtoto akiwa hajachoka, ichukue chakula cha nyumbani, na irudi kabla hajaanza kulia. Imwache mtoto achague kitu kimoja cha kukaa mbele yake hata kama wengine wamekwisha kupita. Imchukue mzee mmoja. Kaunti nazo zijenge na kutunza, makumbusho yaandike kwa lugha za watu, na vyuo vipeleke wasimulizi. Basi la shule liendelee kwenda Nairobi, lakini limpeleke mtoto aliyekwisha kufundishwa kuuliza na watu wake.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Mtoto aliyeingia katika boma la uani Meru akiwa ameshika kidole cha nyanya yake, akasikia sauti yake ikibadilika alipokiona kinu, atakuwa na jambo la kumwambia mtoto wake mwenyewe siku ambayo nyanya hatakuwapo.